Bonane inakaribia: namna ya kupamba nyumba na vitu vyenye viko tayari ndani

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, kwenye avenyu nyingi za Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, kazi za nyumba zinaanza. Watu wanaosha kuta, wanatafuta rido mpya, wanauliza beyi ya fotei na ya rangi. Hakuna anayependa kupokea wageni wa Noeli na Bonane ndani ya saloni iliyochakaa. Lakini mwezi wa kwanza unakuja nyuma yake, na kwa familia nyingi ndio mwezi mgumu kuliko yote: feza za shule kwa wale wa sekondari, kodi ya nyumba, na madeni ya sikukuu. Makuta iliyoingia kwenye rido mpya haiko tena.

Kuna njia nyingine, na si ya watu maskini peke yao. Ni kupamba nyumba kwa kutumia kwanza vitu vyenye viko tayari ndani: fotei ya zamani, vikwembe vilivyofifia, bidoni, mikebe, mbao za mlango uliovunjika. Faida yake ya kwanza inaonekana mfukoni. Ya pili inaonekana mbali kidogo, fasi ambayo watu wengi hawaifikirii wanapotupa mto wa zamani: kwenye mto Ruzizi, ambako umeme unatengenezwa.

Taka ya saloni inakwenda wapi?

Tuchukue mfano wa Bukavu. Mji huu umejengwa juu ya milima, kwenye mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu. Fasi nyingi za Kadutu, Bagira ao Ibanda gari haiwezi kufika, kwa hiyo taka ya nyumbani inatupwa ndani ya mitaro, mabonde na vijito. Mvua ikinyesha, maji yanashuka na kila kitu mpaka ziwani.

Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutoa maji: mto Ruzizi, unaoanzia hapo hapo Bukavu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kilometa chache kutoka mjini kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa kwenye miaka ya 1950. Chini yake kuna Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989 na inayosimamiwa na SINELAC, kampuni ya pamoja ya Congo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo taka ya Bukavu si shida ya Bukavu peke yake. Majirani nao wanaipokea.

Kabla maji hayajaingia kwenye turbini, yanapita kwenye chuma za kuchuja. Chupa, sashe, nguo mbovu, musi za fotei na vipande vya mbao vinajipanga hapo na kuziba njia. Maji yanapungua nguvu, umeme unapungua. Tena, taka ikiingia ndani kabisa, inaweza kuharibu mashine. Hapo wafanyakazi wanalazimika kusimamisha mashine moja ili waisafishe, na huku mjini watu wanalia juu ya delestaji. Delestaji ina sababu nyingine pia: mashine za zamani, na watu wengi kuliko umeme uliopo. Lakini taka ni sababu moja ambayo mikono yetu wenyewe inaitengeneza. Musi iliyotupwa leo kwenye mtaro wa Kadutu inaweza kufika kesho kwenye chuma za Ruzizi, kisha nyumba iliyoitupa ikakaa gizani.

Goma, shida ina sura nyingine. Mji uko juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ilifika mjini mwaka 2002, na tarehe 22/05/2021 volkano ikalipuka tena. Kuchimba shimo la taka ndani ya jiwe kama hilo ni kazi ngumu, kwa hiyo taka inabaki nje kati ya mawe, ao inachomwa, na moshi wa plastiki unaingia kwa jirani.

Serikali ilikwisha kuchukua hatua. Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30/12/2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Lakini kila mtu anayekwenda sokoni anaona hali ilivyo. Sheria ikichelewa, nyumba inaweza kuanza.

Toa vitu vyote nje kwanza

Kosa la watu wengi ni kuanza kwa kununua. Kazi inapaswa kuanza kwa kutoa. Chagua siku ya jua, asubuhi, kwa sababu mvua za mwezi huu zinapenda kunyesha mchana. Toa kila kitu cha saloni nje: viti, meza, masanduku, vitambaa, kalenda za zamani, hata vile vitu vilivyosahauliwa nyuma ya kabati. Kisha ugawanye mafungu manne:

1. Vitu vizuri vya kurudi ndani kama vilivyo.
2. Vitu vya kutengeneza: kiti kinachotikisika, rido iliyopasuka, meza yenye madoa.
3. Vitu vya kubadilishiwa kazi: bidoni, mikebe, magunia, mbao, nguo zisizovaliwa.
4. Vitu vya kutoka nyumbani: vya kupatia mtu mwingine, vya kuuza, ao vya kutupa fasi inayofaa.

Ukimaliza, osha nyumba ikiwa tupu. Familia nyingi zinashangaa hapo: saloni inaonekana kubwa, na shida haikuwa ukosefu wa vitu bali wingi wake. Kisha rudisha vitu kimoja kimoja, lakini si lazima kila kimoja kirudi fasi yake ya zamani. Kabati lililokuwa linaziba nusu ya dirisha liende kwenye ukuta usio na dirisha. Kioo, kama kiko, kiwekwe mbele ya dirisha ili kirudishe mwangaza ndani. Kazi hizi mbili hazilipishi hata franka moja, na zinapunguza saa za kuwasha taa ao buji mchana.

Fotei: angalia mifupa mbele ya nguo

Fotei ikichakaa, macho yanaona kitambaa. Seremala anaangalia mbao. Geuza fotei, itikise, bonyeza kila kiungo. Kama mbao ni ngumu, kwa mfano muvula ao libuyu, na hakuna unga unaodondoka kutoka kwenye matundu ya vidudu, usiitupe. Viungo vilivyolegea vinafunguliwa, gundi ya zamani inakwaruzwa, gundi mpya inawekwa, kisha fotei inafungwa kwa kamba usiku mzima. Msumari peke yake hautoshi. Unashika leo, na baada ya miezi michache unapanua tundu.

Hii ina maana kubwa kwa misitu pia. Mbao hizo zinatoka mbali, kwenye misitu ya Walikale, ya upande wa Beni ao ya Ituri. Mti uliochukua miaka mingi kukua ulikwisha kukatwa. Fotei ikitumika miaka kumi zaidi, hakuna haja ya kukata mwingine juu yake.

Musi inatolewa, inaanikwa juani siku mbili, kisha inageuzwa, upande uliolala uwe chini. Kama katikati imekufa kabisa, kata sehemu hiyo tu na ujaze na vipande vya nguo safi, vilivyokatwa vidogo na kushonewa ndani ya mfuko wa kitambaa. Usijaze nguo zenye unyevu, zitaoza ndani na harufu haitatoka tena.

Kwa kufunika, kikwembe cha zamani kinapendeza lakini mara nyingi kimekuwa chepesi. Dawa yake ni kukishonea shuka ya zamani kwa ndani. Suruali za jinzi zisizovaliwa, zikifunguliwa na kuunganishwa, zinafanya kitambaa kigumu cha fasi ya kukalia. Ili saloni isifanane na soko la balo, chagua rangi mbili ao tatu tu, na uzirudie: kama mito ina bluu, kitambaa cha meza nacho kiwe na bluu kidogo. Macho yanaona mpango, hata kama vipande vimetoka kwenye nguo kumi.

Ukuta: chokaa, udongo na rangi iliyobaki

Rangi ya dukani ni beyi. Kabla ya kununua ndoo, uliza kwanza ndani ya familia, kwa majirani ao kwa watu wa likelemba yako. Nyumba nyingi zina ndoo ya rangi iliyobaki chini ya kitanda. Rangi za maji zinaweza kuchanganywa pamoja; rangi ya mafuta isichanganywe na ya maji. Chuja kwa kitambaa kabla ya kutumia. Kama inanuka vibaya sana, imekwisha kuoza.

Kwa ukuta wa udongo ao wa simenti usio na rangi ya mafuta, chokaa ni njia ya zamani na bado inafanya kazi. Changanya chokaa ya unga na maji mpaka iwe kama maziwa mazito, uiache ilale usiku, kisha uichuje. Lowanisha ukuta kidogo, pakaa safu nyembamba, ngoja siku moja, pakaa tena. Safu mbili ao tatu nyembamba zinashika vizuri kuliko moja nene inayobambuka. Chokaa inachoma macho na ngozi: funika mikono, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha na maji safi mengi mara moja, kisha uende kituo cha afya.

Wenye kutaka rangi nyingine wana udongo. Udongo mwekundu ao mweupe, ukianikwa, ukitwangwa na kuchungwa vizuri, unachanganywa na uji mwepesi wa unga wa mihogo ili ushike ukutani. Fasi yake ni ndani, kwenye ukuta mkavu. Usiuweke jikoni ao kwenye ukuta wenye unyevu, kwa sababu unga unaita ukungu na mende. Wengi wanapenda kupakaa chini udongo mwekundu mpaka urefu wa kiti, na juu chokaa nyeupe. Madoa ya watoto yanajificha chini, na juu mwangaza unabaki.

Kalenda za zamani zenye picha nzuri hazina haja ya kutupwa. Kata picha, zibandike kwenye kipande cha katoni, na uzizungushie vipande vya mbao kutoka kwa seremala.

Bidoni, mikebe, magunia na sashe

Bidoni ya manjano ya mafuta ya kula, ikipasuka, haiwezi tena kubeba maji, lakini ikikatwa katikati inakuwa sanduku la viatu, la vitu vya kuchezea, ao chungu cha maua. Ioshe kwanza na maji ya moto, sabuni na majivu. Kando zilizokatwa zipitishiwe jiwe ao karatasi ya msasa ili zisikate vidole. Mikebe ya maziwa, ikifunikwa kwa vipande vya kikwembe na gundi ya mihogo, inabeba kalamu, vijiko ao maua.

Kila chombo cha mmea kitobolewe chini. Maji yanayosimama ndani ya mkebe, bidoni ao pine ya gari ni nyumba ya mbu. Kupamba nyumba na huku unafuga mbu ni hasara.

Magunia ya mchele na ya unga, yaliyooshwa na kukaushwa, yanaunganishwa kuwa pazia la kugawanya chumba cha wazazi na cha watoto, ao yanajazwa udongo na kupandwa lengalenga mbele ya mlango. Sashe zinaoshwa, zinakatwa kamba ndefu, kisha zinasukwa kwa sindano ya kroshe kuwa mikeka na vikapu. Bukavu kuna hata kampuni, Plastycor, inayotumia taka za plastiki kutengeneza vikapu na vyungu vya maua. Kwa hiyo aliyejifunza kusuka kwa ajili ya saloni yake anaweza kesho kuuza.

Jambo moja la kukumbuka: kasha na chupa za bia na za sukre si zako. Ziko na konsinye, zinapaswa kurudi depo. Usizikate kutengeneza rafu.

Vitu ambavyo havifai kuingia ndani

Si kila kitu kilichobaki ni pambo. Kuna vitu ambavyo mtu anayependa familia yake anavikataa:

Bidoni zilizobeba dawa za mimea, asidi ya batri ao mafuta ya mashine. Hata ukiosha mara kumi, sumu inabaki kwenye plastiki.

Batri za gari na za panoo za zamani. Ndani kuna risasi, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Rangi za zamani sana za mafuta nazo zinaweza kuwa na risasi: usizikwaruze zikiwa kavu na vumbi likapanda. Lowanisha kwanza, na watoto watoke.

Chandarua, ile mustikere, kama bado nzima. Kazi yake ni kitandani, si dirishani. Rido nzuri haizuii malaria.

Vitambaa na magunia karibu na moto. Kwenye nyumba za mbao zilizobanana, kama zile za Kadutu, buji moja iliyosahauliwa inaweza kuchukua avenyu nzima. Ukifunika dari kwa kitambaa ao gunia, koroboi, buji na mbabula vikae mbali kabisa. Na rido iwe na kamba ya kuifunga pembeni usiku.

Kwa aliyepanga, na kwa aliyeanza upya

Mpangaji ana wasiwasi wake: akitengeneza sana, mwenye nyumba atapandisha kodi; akitoboa ukuta, atakatwa kwenye garanti. Kwa hiyo apambe kwa vitu vya kuondoka navyo: rido, mikeka, mito, rafu zinazosimama zenyewe bila misumari. Kama anataka kupakaa ukuta chokaa, aombe kwanza, na makubaliano juu ya nani analipa yaandikwe kwenye karatasi, hata kama ni mistari mitatu.

Kuna pia familia zilizokimbia vita na kurudi zikakuta kuta tupu, mlango umeondolewa, viti vimechomwa kama kuni. Kuziambia zitumie vitu zilivyo navyo ni kama kuzicheka. Hapo ndipo fungu la nne, lile la vitu vya kutoka, linapata maana. Kiti ambacho saloni moja imekichoka kinaweza kuwa kiti cha kwanza ndani ya saloni nyingine. Kwenye kanisa, msikiti, chama cha akina mama ao siku ya salongo, watu wa avenyu moja wanaweza kukubaliana fasi na saa ya kubadilishana vitu: shuka kwa mbao, sufuria kwa meza. Kitu kiwe safi na kizima. Kumpa mtu kitu kibovu ni kumpelekea taka tu.

Kazi ya nani?

Kutumia vitu tena hakuondoi kazi ya mamlaka. Mji wa watu wengi unahitaji magari ya taka, fasi ya kuitupa, na sheria inayofuatwa. Hakuna idadi ya mikeka ya sashe inayoweza kuchukua nafasi hiyo. Lakini kila rido iliyotengenezwa badala ya kutupwa, kila musi iliyogeuzwa, ni kitu kimoja kidogo ambacho hakitashuka na mvua.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, aanze na jambo moja tu: jumamosi asubuhi atoe vitu vya saloni nje, na asinunue chochote mpaka mafungu manne yawe tayari. Kisha aandike vilivyokosekana. Mara nyingi orodha itakuwa fupi: gundi, uzi, chokaa, misumari kidogo. Makuta inayobaki ikae. Mwezi wa kwanza utaihitaji.